KARATASI YA BARABARANI NA JALADA LA MAHAKAMA

Yapo mambo mawili ambayo mtumishi wa Serikali hudhani kuwa hayamhusu mpaka siku yanapomfikia mlangoni: kesi ya shamba la babu yake, na karatasi ya askari wa barabarani. La shamba tuliache kwa leo. Twataka kusema juu ya karatasi ile, na juu ya jalada ambalo hufunguliwa mahakamani mtu asipokubali kosa, au kosa likiwa kubwa kuliko faini ya njiani. Twalisema kwa sababu tumeona ya kuwa watu wanaoshinda kutwa wakitunza karatasi za wengine ndio wanaozizembea zaidi karatasi zao wenyewe.

Hebu na tumtazame karani wa hesabu. Ofisini hapitishi hati ya malipo, hata ya shilingi elfu mbili, pasipo kuisoma juu hadi chini, na kutazama tarehe, na jina, na sahihi, na fungu la fedha. Hati ikikosa muhuri huirudisha kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mkubwa wake. Lakini karani huyo huyo, akisimamishwa siku ya Jumamosi baada ya kupita kibao cha 50, akaambiwa kuwa amepigwa tochi, huipokea karatasi, huikunja mara nne na kuitia mfukoni. Au, lililo baya zaidi, huuliza kwa sauti ndogo kama jambo hili haliwezi kumalizwa hapa hapa. Hajaisoma. Hajui kosa aliloandikiwa ni lipi, wala hajui kama namba ya gari iliyoandikwa ni yake. Jumatatu yuko mezani pake, akirudisha hati za watu kwa kukosa muhuri.

Sheria inayotutawala barabarani katika Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 168. Sheria hiyo yampa askari ruhusa ya kumwandikia mtu taarifa ya kosa na kumtoza faini iliyowekwa, badala ya kumpeleka mbele ya hakimu. Ruhusa hiyo ni njema, kwani kama kila aliyesahau kufunga mkanda angepelekwa mahakamani, mahakimu wetu wasingepata nafasi ya kusikiliza jambo jingine. Walakini ruhusa hiyo imesimama juu ya neno moja ambalo wengi hawalifikiri: kulipa ni kukiri. Mwenye kulipa amesema kwa mkono wake kuwa alitenda kosa, na shauri limekwisha. Asiyekubali hana sababu ya kulipa kwa hasira kisha akalalamika nyumbani kwa mkewe. Na aseme pale pale, kwa adabu, kwamba hakubali, na kwamba yu tayari kwenda kwa hakimu. Hilo si jeuri. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yasema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia, na kosa la barabarani ni kosa la jinai kama mengine.

Wala hatusemi kwamba kila mtu akatae. Aliyekwenda 70 mahali pa 50, naye ajua kuwa alikwenda hivyo, na alipe aende zake. Kumpotezea hakimu nusu siku, na askari nusu siku, na mwajiri nusu siku, kwa jambo ambalo moyo wako walikubali, ni ufidhuli tu. Twasema kwamba uchaguzi ni wako, na kwamba huwezi kuchagua usichokisoma.

Je, kisomwe nini? Kwanza namba ya gari, herufi kwa herufi, kwani herufi moja ikikosewa faini yako yamwangukia mtu mwingine, na yake yaweza kukuangukia wewe. Kisha namba ya leseni, tarehe, saa na mahali. Mahali ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sheria ya mahali penye makazi na penye vibao. Nje ya hapo magari mazito yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kupita 80. Sasa mara nyingi picha ya tochi hupigwa mahali pengine, na dereva husimamishwa mbele na askari wa pili. Dereva ana haki ya kuomba aonyeshwe picha, atazame kama gari ni lake, na kama mahali palipoandikwa pako ndani ya vibao. Aombe kama mtu anayeomba kuona hesabu yake benki, bila kupaza sauti wala kuitana majina ya wakubwa. Tumesikia ya wanachama wanaotaja cheo chao kabla ya kutaja jina lao. Jambo hilo latuaibisha sote, na askari hawakuandikwa kazi ili watambue nani ni karani mkuu na nani ni karani wa kawaida.

Mwisho atazame hesabu ya makosa. Faini ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Katika bajeti ya mwaka 2021 ile ya pikipiki na bajaji ikapunguzwa ikawa 10,000, na ya magari ikabaki pale pale. Neno la kuangalia ni “kwa kosa moja”. Mtu akiandikiwa mwendo, na taa, na kibandiko cha bima, hayo ni makosa matatu, na huenda mawili anayakubali na la tatu halikubali. Na alitaje la tatu palepale, kabla askari hajafunga mashine yake.

Siku hizi askari huandika kosa katika mashine ya mkononi, nayo hutoa namba ya malipo, ambayo nchi nzima huiita kontroo namba. Fedha hulipwa kwa simu au benki kwa namba hiyo. Hazipiti mkononi mwa askari hata kidogo. Mahali ambapo fedha zapita mkononi, hapo hapana faini, hapana risiti, hapana kumbukumbu. Pana jambo lenye jina jingine, ambalo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Yule anayenong'ona “tumalize hapa hapa” adhani kwamba ameokoa elfu ishirini. Kwa kweli amejitia katika kosa linaloweza kumtoa katika utumishi, wakati kosa la kwanza lilikuwa la kumtoa shilingi 30,000.

Jeshi la Polisi limeweka katika mtandao mahali pa kuangalia madeni hayo kwa namba ya gari au ya leseni. Twawahimiza wanachama wenye magari na pikipiki kuangalia kila mwisho wa mwezi, kama wanavyoangalia karatasi ya mshahara. Deni hukaa na namba ya gari. Hapa ndipo wengi walionunua magari ya mkononi walipopata kisirani: wamelipa bei, wamebadili jina, kisha wanasimamishwa njiani na kuambiwa wanadaiwa faini za mtu wasiyemjua. Mnunuzi mwenye busara huangalia kabla ya kutoa fedha, na kama deni lipo, humwambia muuzaji alilipe kwanza, au lipunguzwe katika bei kwa maandishi. Na aliyelipa atunze risiti ya simu. Ujumbe wa simu hufutika, simu huibwa, na anayeweka nakala ya karatasi ndani ya bahasha pamoja na kadi ya gari hatajuta.

Wenzetu madereva wa magari ya Serikali wana shida yao ya peke yao. Gari moja huendeshwa na watu watatu katika mwezi, na faini huonekana baada ya siku nyingi, pengine dereva mmoja amekwisha kuhamishwa. Hapo ofisa usafirishaji humkamata aliye karibu. Dawa yake ipo, nayo ni ya zamani: daftari la safari za gari. Likijazwa kwa saa, kwa mahali na kwa jina la dereva, na kutiwa sahihi siku ile ile, hapana ugomvi. Saa iliyo katika taarifa ya kosa hulinganishwa na saa iliyo katika daftari, na mwenye kosa hujulikana. Lakini makarani wa usafirishaji wanaojaza daftari la wiki nzima siku ya Ijumaa jioni, kwa kukisia, na wajue kwamba wanaandika ushahidi dhidi ya mtu, na pengine si yule aliyekuwa ameshika usukani.

Hayo ni ya njiani. Tuje kwa hakimu.

Kesi za barabarani husikilizwa katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Makosa mengine hayawezi kumalizwa kwa kontroo namba kwa namna yoyote: kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, kuendesha hali umelewa, na yanayofanana na hayo. Mtu akiitwa na aende siku ile. Kutokwenda huzaa hati ya kukamatwa, na mdhamini wako, ambaye pengine ni mwenzako wa meza ya pili, huitwa aeleze uliko.

Jambo ambalo twataka lisomwe mara mbili na kila mwanachama ni hili la kujibu shtaka. Shtaka husomwa, mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Watu wetu, kwa adabu waliyofundishwa tangu utotoni mbele ya wazee, hupenda kusema “ndiyo, mheshimiwa”, kisha ndipo waeleze. “Ndiyo, mheshimiwa, niligonga, lakini breki zilikatika mteremkoni.” “Ni kweli, mheshimiwa, ila yule mtoto alitoka ghafla nyuma ya basi.” Maneno hayo si kukiri kosa. Ni kukiri kwamba gari liligonga, na kukana kwamba dereva aliendesha kwa hatari. Hakimu mwangalifu huandika maneno kama yalivyosemwa, kisha huandika kwamba mshtakiwa amekana. Lakini pakiwa na kesi arobaini asubuhi moja, na karani ana haraka, na mshtakiwa anatetemeka, “ndiyo” huweza kuandikwa na “lakini” ikabaki hewani.

Sheria juu ya hili haina giza. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, iliweka utaratibu unaofuatwa hata leo: shtaka na kila sehemu yake lielezwe katika lugha anayoifahamu mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kwa kadiri iwezekanavyo, kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyokuwa, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali mambo hayo, au kama ana la kuongeza, naye akilikana hata moja lililo na uzito, jibu lake la kwanza libadilishwe, iandikwe kuwa amekana. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Kwa hiyo yale mambo ya zamani, ya mtu kusomewa shtaka kwa Kiingereza na kutafsiriwa nusu nusu, hayana tena pa kujificha.

Mtu aliyekiri hawezi kukata rufani juu ya kutiwa hatiani, ila juu ya adhabu tu, kwamba imezidi au haikuwa halali. Mlango mwembamba ulioachwa wazi ni huu: kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa wazi, au kulitokana na kutoelewa, au shtaka halikuonyesha kosa, au mambo aliyoyakubali hayawezi kisheria kuwa kosa lile. Mahakama Kuu iliyapanga hayo katika shauri lililochapwa miongoni mwa hukumu za mwaka 1983. Sasa na ajiulize msomaji: mtu ataonyeshaje mbele ya Mahakama Kuu kwamba alisema “lakini”? Jaji hakuwapo. Mwendesha mashtaka amekwisha kusahau. Kilichopo ni mwenendo wa kesi ulioandikwa siku ile, ndani ya jalada, katika kabati la masjala, au katika mashine ya mahakama. Ikiwa “lakini” imo, mtu amepona. Ikiwa haimo, au ukurasa haupatikani, atakaa gerezani na ukweli wake.

Muda wenyewe ni mfupi. Anayetaka kukata rufani kutoka mahakama hizo kwenda Mahakama Kuu hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufani ndani ya siku 45. Sheria ni ya huruma kidogo hapa, maana siku zilizotumika kungojea nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi katika zile 45. Lakini huruma hiyo humfaa aliyeomba nakala kwa barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Aliyeomba kwa mdomo, akaambiwa “njoo kesho” mara tisa, hana la kuonyesha kuwa aliomba.

Basi jalada latafutwaje? Tumeulizwa swali hili mara nyingi, hata na makarani, jambo ambalo lilitushangaza kidogo. Kila kesi ina namba na mwaka, kwa mfano Kesi ya Usalama Barabarani Namba fulani ya mwaka 2019. Namba hiyo ikijulikana, pamoja na jina la mahakama na jina la mshtakiwa, kazi imekwisha nusu. Isipojulikana, mtu huanzia kituo cha polisi kilichopokea habari, kwa namba ya RB na tarehe ya ajali. Huko ataambiwa jalada la polisi lilikwenda mahakama gani na kufunguliwa kwa namba gani. Kisha huenda masjala ya mahakama hiyo, ambako daftari la kesi hufuata tarehe ya kufunguliwa. Mwenye kujua mwezi hutazamiwa kurasa chache, mwenye kujua mwaka tu hutazamiwa daftari zima. Kesi za miaka ya karibuni zimo pia katika mtambo wa mahakama wa kusajili mashauri. Barua ya kuomba nakala iandikwe kwa hakimu mfawidhi, itaje mwombaji ni nani katika kesi hiyo na anataka nini: hati ya mashtaka, mwenendo, hukumu, au vyote, na ada ilipwe kwa namba ya malipo kama malipo mengine ya Serikali. Kwa hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hapana haja ya kwenda popote, kwani nyingi hutolewa bure katika mtandao wa TanzLII wa Mahakama ya Tanzania; anayetaka kujua jinsi majaji walivyoamua mambo ya kuendesha kwa hatari atapata huko ya kumtosha. Lakini asitafute huko faini ya shangazi yake ya mwaka juzi.

Watu huuliza kwa nini tunasumbuka na majalada ya barabarani, ambayo hata masjala nyingine huyaweka chini kabisa ya kabati, chini ya mirathi, chini ya jinai kubwa. Jibu letu ni kwamba mshtakiwa si mtu peke yake anayelihitaji jalada hilo.

Mtazameni mwanamke ambaye mumewe aligongwa na basi. Dereva ameshtakiwa, amekiri, ametozwa faini au amefungwa, na basi lina bima, kama sheria ya bima za magari inavyolazimisha. Mjane huyu akienda kudai, ataulizwa ripoti ya polisi ya ajali, ramani ya mahali pa ajali, cheti cha kifo, hati ya mashtaka na nakala ya hukumu. Na hukumu hiyo haiombwi kwa desturi tu. Sheria yetu ya Ushahidi yasema kwamba hukumu ya mwisho ya kesi ya jinai, muda wa rufani ukiisha kupita, huchukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Maana yake ni kwamba mjane akiwa na nakala ile mkononi hana haja ya kuwatafuta tena mashahidi waliokuwa kituoni siku ya ajali, ambao mmoja amehamia Tunduma na mwingine hajulikani aliko. Asipokuwa nayo, yampasa kuthibitisha yote upya, kwa fedha asizonazo, mbele ya mawakili wa upande wa pili wanaolipwa kwa siku.

Na aliyevunjika mguu naye ana saa inayomkimbilia, kwani madai ya madhara ya namna hiyo hufungwa baada ya miaka 3. Miaka mitatu ni mingi kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtu aliyelala hospitali miezi minane, akatoka kwa magongo, akaanza kwenda masjala kwa nauli ya kukopa, na kila akifika akaambiwa jalada liko kwa hakimu, na hakimu yuko likizo, na likizo ikiisha jalada liko kwa mchapaji, miaka hiyo hupungua upesi.

Hapo ndipo tunapowaelekea wenzetu makarani wa masjala, na tunasema nao kama ndugu. Twajua kazi yenu ni nyingi na vyumba ni vidogo. Twajua kwamba anayekuja dirishani mara nyingi hana namba, hana tarehe, na hasira anazo. Walakini “jalada halionekani” si jibu la kumpa mtu. Jalada lililotoka lina mtu lililokwenda kwake, na daftari la kutoa majalada lipo kwa ajili hiyo hiyo. Karani aliyeandika humo, siku ile ile, kwamba jalada limekwenda kwa hakimu au Mahakama Kuu kwa rufani, humjibu mwombaji kwa dakika mbili. Asiyeandika humfukuza mtu mwezi mzima, na pengine humtia katika majaribu ya kutoa “chochote”. Twasikia kwamba mahali pengine “chochote” hiyo imekuwa kama ada ya pili. Hatutataja mahali. Makarani wa huko wanajijua, nao wanajua pia kwamba nakala ya hukumu si mali yao ya kuuza.

Wale ambao ni madereva, au wenye magari, nao wasitupe mzigo wote masjala. Siku ya hukumu, kabla ya kutoka mahakamani, andika namba ya kesi, jina la hakimu, tarehe, na adhabu. Ukilipa faini ya mahakama, dai risiti yenye namba ya kesi juu yake, uitunze, kwa kuwa siku moja waweza kuulizwa na mwajiri kama adhabu ile ilitekelezwa. Ukifungiwa leseni, andika tangu lini hata lini. Mambo hayo manne hukaa katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja cha mkono, na wale walioyaandika hawatatusumbua kwa barua za kuuliza jalada latafutwaje.

Tunayo ombi moja kwa makatibu wa matawi. Katika mkutano ujao wa tawi, chagueni wanachama wawili waende kwa hakimu mfawidhi wa wilaya yenu, kwa heshima na kwa miadi, wamwombe kwamba pale nje ya masjala kibandikwe kibao cha Kiswahili chenye kueleza mambo matatu: mwombaji wa nakala alete nini, ada ni kiasi gani na yalipwa wapi, na nakala yatazamiwa kuwa tayari baada ya siku ngapi. Mahali ambapo kibao hicho kipo tayari, tuandikieni mtueleze kimeandikwaje, nasi tutakichapa katika toleo lijalo pamoja na mfano wa barua ya kuomba nakala. Barua zitufikie kabla ya mwisho wa mwezi, na zipigwe chapa au ziandikwe upande mmoja tu wa karatasi.